Jambo Lililo Hakika Kuliko Yote

Chumba walichomwingiza Mwalimu Nakijwa Kajiru kilikuwa zamani stoo ya mbegu ya Jumuiya ya Maji, na harufu ya mahindi makavu ilikuwa bado haijakubali kuhama. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi. Katikati palikuwa na kiti kimoja cha mbao, na juu ya kiti utepe wa kijivu usiozidi upana wa kidole. Hicho ndicho kitu kilichoitwa Chimbuko, ambacho habari zake zilikuwa zimepanda milima ya Upare miaka miwili kabla ya chenyewe kufika.

"Ni hiki tu?" aliuliza.

"Ni hicho tu, Mwalimu," alijibu Daktari Kokugonza. "Wengi huvunjika moyo wakikiona. Wakishakaa, hawalalamiki tena."

Daktari huyo alikuwa mwanamke wa Kihaya, mchangamfu, aliyetumwa na Mahakama ya Maji kutoka mjini. Alikuwa amevaa mabuti ya mpira kwa kuogopa matope ya milimani, na alipotembea yalipiga kelele kama bata.

Nakijwa alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja, na thelathini na mitano kati ya hiyo aliitumia kufundisha hisabati. Hakuna aliyemkumbuka akichelewa kengele hata siku moja. Basi wenye ndiva walipohitaji Mpimaji, walimchagua yeye, wala hapakuwa na mpinzani. Ndiva ni lile bwawa la mawe na udongo ambalo mababu walilijenga mlimani kukusanyia maji ya kijito, na ambalo wajukuu wao walilifufua mvua zilipoanza kuwa adimu, wakatundika juu yake nyavu ndefu za kunasia ukungu. Kila nyumba ilikuwa na siku yake ya kufungulia maji. Palipotokea ugomvi wa zamu, sheria mpya ilikataza nyumba kunyang'anywa maji kwa neno tupu la mtu: sharti shahidi avae utepe, na Mpimaji asome nyuzi za kumbukumbu yake.

Lakini kabla ya kupima wengine, Mpimaji mwenyewe alipimwa. Aliagizwa kuja na jambo moja tu, lile alilo na hakika nalo kuliko mambo yote ya maisha yake.

"Umelichagua?" Daktari aliuliza.

"Nimelichagua. Asubuhi ile ndiva ilipopasuka, miaka arobaini iliyopita, nilimwona Zefania Mkwizu akifungua lango siku isiyo ya zamu yake."

Daktari hakuandika. "Mwalimu, watu huniletea majina ya mama zao. Wengine huniletea mbili na mbili ni nne."

"Mbili na mbili ni nne ni mali ya kila mtu. Hili ni langu. Nililitolea ushahidi mbele ya baraza, na kesi ikakatwa kwalo."

Alilisema kwa fahari kidogo, na tusimlaumu. Maji yale yalikuwa yametoka kwa nguvu mno, yakachimba msingi wa ukuta, na ukuta wote ukaanguka. Mama Nantero, mjane aliyekuwa akivuka kijito na kuni zake, alipatikana siku ya pili chini ya magugu, amekufa. Nyumba ya Mkwizu ilivuliwa zamu yake ya Alhamisi, ikahamia tambarare kusiko na maji. Katika jambo zito kiasi hicho Nakijwa alikuwa amesimama wima akasema alichokiona, na tangu siku hiyo kila alipohitaji kujiheshimu alirudi pale.

Daktari alimfunga utepe kwenye paji la uso. Ulikuwa na ubaridi wa jani la mgomba.

"Sikiliza, Mwalimu, nikueleze kinachofanyika. Kumbukumbu si picha iliyofungiwa sandukuni. Kila unapokumbuka, ubongo huijenga picha upya kwa vifaa vilivyo karibu, kisha huuweka mjengo mpya mahali pa ule wa zamani, wala haukupi risiti. Chimbuko halijui kilichotokea duniani, usiliulize. Linajua tu kila kipande cha mjengo kiliingia lini, na kwa mlango gani. Uzi mweupe ni kitu kilichoingia kwa macho na masikio yako saa ile ile. Wa samawati ni kitu ulichoambiwa. Mwekundu ni kile ulichokiweka mwenyewe, ama kuziba pengo, ama kwa kuwa ulikitaka."

"Na asiyekuwa na uzi mwekundu?"

"Huyo sijampata bado," alisema Daktari, akazima taa.

Kwanza palikuwa na giza. Kisha Nakijwa akaiwaza asubuhi ile kama alivyoiwaza siku zote: ukungu, lango, Zefania ameinama katika koti lake la kaki lenye kiraka kwenye kiwiko, akigeuka kumtazama. Na mbele yake chumba kikajaa nuru.

Hakuwa na maneno ya kulipokea jambo lile. Nyuzi zilitoka sakafuni hadi darini, nyembamba kuliko za buibui, maelfu kwa maelfu, zikapishana na kufungana na kuachana, na zote zilikuwa zikipumua pamoja naye. Alipovuta pumzi, zilitanuka; alipoitoa, zilitulia. Alikuwa amewafundisha watoto kwamba ndani ya kichwa cha mtu mna viungo vya fikra vingi kuliko miti ya misitu yote ya Upare, naye alikuwa ameisema hesabu hiyo kwa chaki mkononi bila kutetemeka. Sasa alitetemeka. Alijiona kama mtu aliyezaliwa ndani ya nyumba, akakulia humo bila kutoka, na uzeeni mwake akaonyeshwa paa lake kwa nje.

"Hii yote ni asubuhi moja?" alinong'ona.

"Ni asubuhi moja, na miaka arobaini ya kuitunza. Sasa itafute picha yenyewe. Mtafute mtu wako."

Akamtafuta. Alipomwaza Zefania, fundo moja la nyuzi liling'aa katikati ya chumba, kubwa kama kichwa cha ng'ombe. Alilikaribia akitarajia weupe. Lilikuwa la samawati, na ndani ya samawati lilikuwa jekundu.

"Litazame koti," Daktari alisema taratibu.

Koti lilikuwa na uzi mweupe! Nakijwa aliufuata kwa moyo unaoruka. Lakini uzi ule haukwenda kwenye asubuhi ya ukungu. Ulikunja kona, ukaenda wiki tatu mbele, ukaishia katika siku ya baraza, Zefania amesimama mbele ya watu akiwa amevaa koti la kaki lenye kiraka. Hapo ndipo alipoliona, na hapo ndipo alipolichukua.

"Uso wake aligeuza. Aligeuka akanitazama."

"Mwekundu, Mwalimu."

"Mgongo. Mgongo niliuona."

"Wa samawati. Uliambiwa. Tazama, hata sauti ya aliyekuambia ipo. Unaitambua?"

Aliitambua. Ilikuwa sauti ya baba yake, mchana ule ule, ikisema mtu yule lazima alikuwa ameinama pale.

Alishuka chini kabisa, mahali nyuzi zilipokuwa chache, na huko akakuta uzi mmoja mweupe, mkavu, ulionyooka. Aliufuata hadi mwisho. Mwisho wake palikuwa na ukungu mtupu, na katika ukungu sauti ya pembe ya tandala: mlio mmoja mrefu na miwili mifupi. Hapakuwa na kitu kingine wala mtu.

Na hapo akakumbuka kanuni. Kila nyumba yenye zamu ilikuwa na pembe yake na mlio wake, huu ukiwa wa Mkwizu, na anayefungua lango alipaswa kuipuliza, ili walio bondeni watoke mferejini. Kifungu cha saba kilisema wazi kwamba shahidi aliyeisikia pembe ya nyumba atahesabiwa kuwa amemwona mwenye nyumba. Kwa hiyo aliposimama barazani akasema "nilimwona", hakuwa amedanganya. Alikuwa amesema kilichoruhusiwa na kifungu. Kisha akili yake, iliyo tiifu kama mwanafunzi wa dawati la mbele, ikaketi na kuichora picha iliyoamriwa.

"Umelisimulia mara mia mbili na kumi na nne," alisema Daktari akisoma kibao chake cha umeme. "Kila mara limeongezewa tabaka. Mengi ni ya mwezi wa kwanza, mwaka baada ya mwaka."

"Wanafunzi wapya," alisema Nakijwa. "Kila mwaka, juma la kwanza, niliwafundisha kusema kweli. Huo ndio uliokuwa mfano wangu."

Zile nyuzi ziliendelea kupumua, na ajabu ni kwamba hata katika aibu yake hakuweza kuacha kuzistaajabia. Nani alikuwa amefuma vile? Si mwizi, wala si mwongo. Ni mikono ile ile iliyomfumia kila jambo jema alilolijua.

Taa ilipowashwa, Daktari alimvua utepe na kumpa maji ya kunywa. "Umefaulu, Mwalimu."

"Nimefaulu? Sikuwa na uzi mweupe hata mmoja wa mtu pale langoni."

"Hatupimi kama jambo ni kweli. Tunapima kama mtu anaweza kulitazama mpaka mwisho. Wengi huvua utepe wakifika kwenye koti." Alikunja kibao chake. "Yaliyoonekana humu ni siri yako kwa mujibu wa sheria. Mimi siyajui. Lakini nikukumbushe na sharti la Jumuiya yenu, maana mmeliandika wenyewe: aliyetoa ushahidi usiosimama, naye akakiri barazani, hawezi kushika ofisi ya maji. Kuapishwa ni Jumapili ijayo. Una siku nane."

* * *

Eliapenda, mdogo wake, alikuwa ameketi uani akichambua tangawizi, vidole vimepauka kwa udongo. Ndiye aliyekuwa akishika zamu ya Alhamisi. Ilipotoka kwa Mkwizu ilipewa ukoo wa Kajiru, kwa kuwa walikuwa jirani kwenye mfereji, na tangawizi iliyokuwa imelundikwa pale mbele yake ilikuwa imekunywa maji ya Alhamisi tangu kupandwa.

Alimsikiliza dada yake mpaka mwisho bila kuacha kuchambua.

"Sasa, dada," alisema, "huo utepe umekuambia nani alifungua?"

"Hapana."

"Umekuambia Zefania hakufungua?"

"Hapana. Umeniambia tu kwamba sijui."

"Basi!" Alitupa kipande kilichooza upande wa kuku. "Kama hujui, kaa kimya. Mtu asiyejua hasimami kuwahutubia watu. Jambo lilisimama miaka arobaini, liache lisimame. Ukilisukuma, unaweza kuwa unamsafisha mkosaji. Hiyo ndiyo akili uliyotufundisha, au imebadilika?"

Hoja ile ilikuwa nzuri. Nakijwa alikiri hivyo moyoni, na ndiyo maana alisimama akaigeuza pande zote kama alivyokuwa akizigeuza hesabu za wanafunzi wajanja, zile zenye jibu safi na njia mbaya. Alijiuliza swali alilofundishwa na nyuzi: hoja hii imeingia kwa mlango gani? Ilikuwa imeingia kwa mlango wa tangawizi.

"Kutojua kwangu hakukuanza leo, Eliapenda," alisema. "Siku ya baraza pia sikujua. Laiti ningesema hivyo siku ile, wangemnyang'anya maji kwa lipi?"

"Kwa kifungu cha saba."

"Na bila mimi kukivika kifungu kile uso wa mtu na koti la mtu?"

Eliapenda aliacha kuchambua. "Unajua wanangu wanakula nini. Unajua na wewe unakula nini."

"Najua."

"Wamekuchagua Mpimaji, dada. Umeingojea heshima hiyo maisha yako yote, hata kama hukuisema. Utavuliwa kabla ya kuvaa. Watacheka mpaka wanafunzi wako."

"Watacheka," alisema Nakijwa, na hilo lilimuuma kuliko tangawizi, maana lilikuwa kweli tupu. Usiku ule na uliofuata alijaribu kupata sababu ya kunyamaza ambayo haikuwa nyekundu. Hakuipata.

* * *

Siku ya tatu alishuka tambarare. Gari la Jumuiya, lisilo na dereva, lilimwacha penye mashamba ya mkonge yaliyokwisha kuachwa, naye akatembea kipande kilichobaki juani. Nyumba ya Mkwizu ilikuwa na paa la bati na mti mmoja wa mwarobaini. Mwanamke wa makamo aliketi kizingitini akichagua mawe katika choroko. Huyo alikuwa Tabitha, binti wa Zefania, ambaye familia ilipohama alikuwa na umri wa miaka kumi.

"Hodi hapa."

"Haya, mlima umeshuka wenyewe!" alisema Tabitha bila kuinuka. "Shikamoo. Hiyo ni ya umri wako, Mwalimu, si ya mengine."

"Marahaba, mwanangu. Naipokea kwa kipimo hicho hicho. Nimekuja kwa baba yako."

Zefania Mkwizu alitolewa ndani akishikiliwa, akaketishwa kwenye kigoda. Alikuwa na miaka themanini na minne, mwili umekwisha isipokuwa mikono, ambayo ilibaki mikubwa kama ya mtu mwingine. Nakijwa hakukaa. Alisimama kama anavyosimama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Mzee Mkwizu, nimekuja kusema jambo moja. Asubuhi ile mimi sikukuona. Nilisikia pembe."

Choroko ziliacha kucheza katika ungo.

"Rudia," alisema Tabitha.

"Sikumwona."

"Rudia tena. Nina miaka arobaini ya kungoja kuisikia."

"Sikumwona baba yako. Nami Jumapili nitalisema barazani."

Zefania alikuwa akimtazama kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko ukali wa binti yake. "Umechelewa, Mwalimu," alisema. "Si kwa ajili ya maji, tumekwisha kuzoea kukosa. Umechelewa kwa sababu ni mimi niliyefungua."

"Baba!"

"Niache niseme. Miaka ishirini ya kwanza nilikataa. Nilikataa kwa mchungaji, nikakataa kwa mama yenu, nikakataa hata peke yangu porini. Kisha nikachoka kukataa. Na nilipochoka, nikaanza kukumbuka. Naliona lango. Nalishika. Ile baridi ninaisikia mpaka leo hapa," aliinua viganja vyake, "na uzito wake unanivuta bega. Mtu hawezi kukumbuka baridi asiyoishika. Mama Nantero ni wangu mimi."

Hapo Nakijwa alitamani utepe. Lakini utepe ulikuwa mlimani, kwenye stoo ya mbegu, na mbele yake palikuwa na mzee tu, na jua, na swali. Akawaza: utepe ungefanya nini? Usingemuuliza kama ni kweli. Ungeuliza baridi ile iliingilia wapi.

"Baridi ya nini, Mzee?"

"Ya chuma."

"Chuma gani?"

"Cha lango, Mwalimu. Umelisahau lango?"

"Nieleze lilivyo."

"Bamba la chuma, upana huu. Gurudumu dogo la kuzungushia. Chini limegongwa namba kumi na saba, unaisikia kwa kidole hata gizani."

"Na bamba hilo nani alilipandisha mlimani?"

Nzi alitua mkononi mwa Zefania asimfukuze.

"Mimi," alisema hatimaye. "Ndiyo ilikuwa faini yangu. Kutoka stesheni hadi ndiva, siku mbili. Begani. Marehemu mdogo wangu alinipokea mahali pa mteremko tu."

"Kabla ya hapo, asubuhi ile ukuta ulipoanguka, ndiva ilizibwa kwa kitu gani?"

Sasa mzee aligeuza viganja, akavitazama kama kwamba vilikuwa vimeandikwa. Jibu lake lilikuja polepole sana, na Nakijwa, aliyewahi kuketi mbele ya maelfu ya nyuzi za nuru, alihisi nywele zikimsimama kuliko siku ile, kwa kuwa safari hii hapakuwa na mtambo. Ilikuwa akili ya mtu mzee, peke yake, ikifungua mlango uliokwama.

"Gogo," alisema Zefania. "Gogo la mkuyu. Tulilizibia majani na udongo. Tulilivuta kwa kamba."

"Mkuyu una baridi ile?"

"Hauna." Alisugua kiganja kwa kiganja. "Mkuyu una utelezi."

"Hiyo unayoikumbuka si asubuhi ile, Mzee. Ni adhabu yako. Umeibeba mpaka ikafanana na kosa."

Tabitha alikuwa amesimama, choroko zimemwagika miguuni pake. "Kwa hiyo hakufungua. Sema, Mwalimu. Sema hakufungua!"

Neno hilo lilikuwa tayari ulimini, tamu, la huruma, na Nakijwa aliliona rangi yake kabla halijatoka. Lilikuwa jekundu kama damu.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Mimi sikuwako langoni. Pembe yenu ililia, hilo nililisikia."

"Pembe yetu ilining'inia nje mlangoni, kama pembe za nyumba zote!" Tabitha alipiga kelele. "Mbwa angeweza kuichukua!"

"Hilo nalo ni kweli, na hakuna aliyeliuliza. Nilipaswa kuliuliza mimi, niliyekuwa nikilipwa kwa kuuliza."

Zefania alianza kutikisika mabega. Walidhani analia, wakamwinamia wote wawili. Alikuwa anacheka, cheko dogo lisilo na meno.

"Sijui," alisema, akilionja neno. "Ati na mimi sijui! Tabitha, mpe Mwalimu kiti. Miaka yote hii nimekuwa na majibu mawili, na kila moja lilininyima usingizi."

* * *

Jumapili watu walikaa juu ya mawe ya ndiva, nyavu za ukungu zikidondosha matone nyuma yao. Mwenyekiti Senzota alikuwa na joho la Mpimaji mkononi, limekunjwa. Nakijwa hakulipokea. Alisema maneno machache, kwa sauti ile iliyowahi kunyamazisha madarasa.

"Nililiambia baraza hili kwamba niliona. Nilisikia. Kati ya kusikia na kuona niliweka mtu, nanyi mkamhukumu mtu niliyemweka. Sijui nani alifungua lango. Hakuna kati yetu anayejua. Naomba kifungu cha saba kifutwe, na Alhamisi irudi ilikotoka, maana haikuondolewa kwa haki."

"Mwalimu amejipa sifuri!" mtu mmoja alisema nyuma, na wengine wakacheka, kama Eliapenda alivyosema. Lakini kicheko hakikufika mbali. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti ndogo kama yeye naye aliwahi kumwona Zefania au alisikia tu; na pale juu ya mawe kila mtu akaingia ndani mwake kwenda kutazama.

Walibishana hadi jua likawa la utosi. Mwishowe kifungu kilifutwa na Alhamisi ikarudishwa. Joho Mwenyekiti alilibeba nyumbani kwake, likaenda kwa mwingine mwezi uliofuata. Eliapenda alikuwa ameinua mkono upande wa kukataa, na kwa majuma matano hakumsalimu dada yake.

Juma la sita, asubuhi ya Alhamisi, alikuja mwenyewe uani kwake, akasimama na jembe begani. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nyumba ya jirani haikuonekana. Ndipo kutoka juu, upande wa ndiva, pembe ikalia: mlio mmoja mrefu na miwili mifupi. Ulikuwa haujasikika mlimani kwa miaka arobaini. Kuku walisimama. Eliapenda naye aliinua kichwa, na uso wake ukalegea bila kutaka.

"Haya, huyo Zefania," alisema. "Mzee wa watu amepanda mlima."

Nakijwa alifungua kinywa kukubali. Alikuwa amekwisha kumwona: mikono ile mikubwa, kigoda, mdomo usio na meno juu ya pembe. Alimwona wazi kabisa, na kiraka kwenye kiwiko.

"Nimesikia pembe," alisema. Akatwaa fimbo yake.

Njia ilikuwa ya utelezi, akapumzika mara tatu. Alipofika penye ukuta, ukungu ulifunguka kidogo, na akamwona mtu amesimama karibu na lango la chuma, mgongo umemwelekea, maji yakitoka miguuni pake na kushika mfereji kwa mshindo. Akakaribia mpaka akaweza kumgusa.

Alikuwa Tabitha.

"Baba magoti yamekataa," alisema Tabitha, akiifuta pembe kwa kanga. "Amesema nije mimi. Na wewe, Mwalimu, umepanda huku kufanya nini na umri huo?"

"Nimekuja kuona," alisema Nakijwa.